Fiksi ya kijiweni imemfanya kijana aache kibarua: nikiri vipi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, nauza vifaa vya umeme karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Jioni tunakutana kijiweni, tunakunywa kahawa na kucheza drafti, na mimi ndiye mpiga fiksi wa pale. Niliwahi kuwaambia kwamba mjomba wangu alivua kambare Hombolo akampakia kwenye bodaboda, mkia ukawa unafagia lami hadi mjini. Walicheka mpaka muuza kahawa akasahau kudai hela yake. Mwaka jana nilipotea wiki nzima, nikarudi na viatu vipya na simu mpya. Waliponihoji, nikasema nimepata kibarua cha kukalia viti vya treni ya mchongoko, ile ya umeme, ili wapime kama vinaumiza mgongo, na kwamba huwa naitwa kila yanapokuja mabehewa mapya. Wengine walicheka. Rafiki yangu wa karibu, fundi aluminiamu, hakucheka. Aliniuliza, "Haki ya Mungu?" Nikamjibu, "Haki ya Mungu." Wiki iliyopita ameniletea bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti vya mdogo wake ili nimuunganishe. Nasikia dogo ameshaacha kazi ya saidia fundi huko Ihumwa, anasubiri kuitwa. Mwenzetu mwingine amewasimulia wakwe zake Singida, na kuna aliyenirekodi sauti akaitupia kwenye grupu letu la WhatsApp. Ukweli ni kwamba nilikuwa Kibaigwa namsaidia mama kuuza mahindi. Nimepanga nikiri Jumamosi mbele ya wote, tucheke yaishe. Je, ni sawa? Na je, wao hawakupaswa kujua kwamba ni utani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisubiri Jumamosi. Ukimaliza kusoma hapa mpigie fundi simu, muulize yuko wapi, umfuate huko huko na ile bahasha mkononi. Mengine nitakayokuambia yanaweza kungoja, hili haliwezi. Kuna kijana anayeamka kila asubuhi akiangalia simu kama imeita. Kila siku unayoivuta inamkosesha ujira wa siku hiyo, na nafasi yake pale saiti inazidi kuzoeleka kwa mtu mwingine.

Nimeanza na amri kwa sababu mpango wako wa Jumamosi umenitia wasiwasi kuliko fiksi yenyewe. Unataka kukiri mara moja kwa wote, kama vile wote unawadai au wanakudai kitu kilekile. Waliocheka siku ile hukuwachukulia chochote, wala mbele yao huna cha kurudisha. Aliyeamini umemchukulia imani yake. Na nyuma yake yupo mdogo wake, ambaye hata kahawa ya pale kijiweni hajawahi kuinywa, na yeye ndiye aliyelipa zaidi ya wote. Sasa fikiria Jumamosi hiyo. Unasimama, unasema ulikuwa unapiga fiksi, watu wanaangua kicheko. Fundi yupo pale katikati, amekaa na aibu ya kuwa yeye pekee ndiye aliyeamini, na mdogo wake yuko nyumbani bila kazi. Kicheko hicho kitamwangukia nani? Wewe utaondoka umejisikia mwepesi, yeye ataondoka amegeuzwa kichekesho cha kijiwe. Hapo utakuwa umemkosea mara ya pili, tena mbele ya watu.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: aliyeumia zaidi ndiye anayesikia kwanza, tena peke yake. Kijiwe kinakuja mwisho.

Kabla sijafika kwenye namna ya kusema, nataka nikutoe hofu upande mmoja. Kambare wako sina ugomvi naye. Sisi ni watu wa hadithi, na hadithi zetu hazijawahi kuuogopa uongo. Msimulizi anaita, "Hadithi! Hadithi!" Watoto wanaitikia, "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Angalia vizuri ni nani anayeukaribisha uongo pale. Ni wasikilizaji wenyewe, kwa vinywa vyao, kabla sungura hajafanya ujanja wowote. Wameshakubaliana na msimulizi kwamba kwa muda huu tutasikia yasiyowezekana, na kwamba hadithi ikiisha kila mtu atarudi kwenye dunia yake bila kupungukiwa na kitu. Kambare anayefagia lami kutoka Hombolo anajitangaza mwenyewe. Ukubwa wake ndio unaowaambia watu wako, "Uongo njoo." Ndiyo maana hakuna aliyetoka pale kwenda kununua nyavu.

Utani wa makabila na koo nao umejengwa hivyo. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wagogo miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1968 uchambuzi wa utani wao, akaonyesha unavyofungamana na ukoo na udugu: upo utani wa koo na koo, upo wa mabinamu. Mtu hatanii ovyo. Anamtania yule ambaye nafasi zao zinaruhusu, na anayetaniwa ana haki ileile ya kurudisha. Umewahi kuona mtani anavyoingia msibani. Ataiga mwendo wa marehemu, atadai kuna deni hajalipwa, atazuia jambo lisiendelee mpaka apewe chochote, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka. Maneno mazito kabisa, mahali pazito kabisa. Lakini hakuna mfiwa hata mmoja anayekwenda nyumbani kupekua makaratasi akitafuta deni hilo. Kila aliyepo anajua mtani ni nani na amekuja kufanya nini.

Basi unaponiuliza kama hawakupaswa kujua kwamba ni utani, jibu langu ni kwamba kwa kambare walijua, na kwa mchongoko hukuwapa njia ya kujua.

Tazama tulipo. Uamuzi wa kuleta makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, lakini wenyeji tunakumbuka mwendo ulivyobadilika kuanzia 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kweli. Wizara zikaja, Mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa, 2018 mji ukapandishwa kuwa jiji, na 2024 treni ya umeme ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka yote hiyo, kila mtu wa hapa amemwona jirani, shemeji au mpangaji mwenzake akipata kazi ambayo mwaka mmoja nyuma haikuwepo hata kwa jina. Ukimwambia kijana wa Nkuhungu kwamba kuna watu wanalipwa kukalia viti, haoni mkia wa kambare. Anaona mji wake ulivyo siku hizi. Na habari ya mchongo, asiye na kazi ya kudumu haisikilizi kama burudani. Anaisikiliza kwa masikio ya mtu mwenye njaa anayesikia sufuria limefunuliwa nyumba ya pili.

Halafu uliongeza ushahidi. Viatu vipya miguuni, simu mpya mkononi, wiki nzima hujaonekana. Hayo yote yalikuwa kweli, ila kisa chake kilikuwa kingine. Fiksi iliyoshikizwa kwenye vitu vinavyoonekana haipimiki tena kwa ukubwa wake.

Na watu kwa ujumla hatuna kipaji cha kunusa uongo, hata wale wanaojisifu kwamba wanacho. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi ambazo watu walisikiliza kauli na kuamua ipi ya kweli na ipi ya uongo. Kwa wastani walipatia asilimia 54, na anayerusha shilingi angepatia 50. Kauli za uongo zenyewe walizikosea zaidi: walizitambua kwa asilimia 47 tu. Sababu mojawapo ni kwamba tukizungumza na mtu tunaanza na kumwamini, na bila hivyo maisha yasingekwenda. Usingeweza hata kuuza soketi moja dukani kwako. Rafiki yako hakukuamini kwa ujinga. Alikuamini kwa kuwa ni wewe.

Nakumbuka hapa kile kisa cha Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akalirudisha na kijisufuria ndani, akasema limezaa. Jirani akapokea bila kubisha. Alipoazima tena hakulirudisha, akasema limekufa, na jirani alipopiga kelele akaambiwa kinachozaa nacho hufa. Watu hupenda kukitumia kisa hiki kumlaumu msikilizaji: uliamini kwa sababu ulifaidika. Nimeona vijana wakijitetea nacho. Kwako hakikusaidii. Jirani wa Abunuwasi alikuwa na tamaa ya sufuria la pili. Fundi wako alikuwa na mdogo anayebeba zege juani, akataka apate kitu cha nafuu. Kuamini kwa sababu ya shida ya ndugu yako hakustahili kuchekwa, na ukienda kuongea naye hilo uwe umeshalielewa moyoni, maana litasikika kwenye sauti yako.

Sasa lile neno. Alikuuliza, "Haki ya Mungu?" Hapo ndipo ulipopaswa kusimama. Tangu tukiwa watoto sote tunajua maana ya swali hilo. Anayeliuliza anatoka kwenye mchezo, anakuomba na wewe utoke, anasema sasa nataka kujua kweli. Ungecheka tu ungekuwa umemjibu. Ungesema, "Aah, unanijua mimi," angekuwa ameokoka. Wewe uliapa. Naliweka wazi kwa sababu utakapokwenda kwake, hicho ndicho kitakachomuuma kuliko treni, na usipokitaja wewe atakitaja yeye.

Nenda kwake basi. Usipeleke mtu wa kukusemea kwanza. Najua desturi yetu ya kumtanguliza mzee au rafiki wa pande zote mbili, na ina hekima yake; itunze kwa ajili ya baadaye kama mambo yatakwama. Mara ya kwanza akusikie wewe. Usifanye kwa ujumbe wa simu. Usiende wakati ana mteja, wala asubuhi anapokimbilia kazi. Kaeni pembeni, umpe bahasha mkononi, na useme mapema, kabla ya habari za nyumbani hazijawa ndefu. Maneno yawe yako, lakini kama ningekuwa mimi ningesema hivi:

"Kaka, ile kazi ya kupima viti vya mchongoko haipo. Sijawahi kuifanya. Wiki ile nilikuwa Kibaigwa na mama tunauza mahindi, na hela ya viatu na simu ilitoka kwenye magunia niliyopewa sehemu yangu. Uliniuliza haki ya Mungu nikaapa, na nilijua nadanganya. Nimesikia dogo ameacha kazi kwa sababu ya maneno yangu. Hilo ni kosa langu, si lako wala lake. Nataka twende wote nikamwambie mwenyewe, halafu nimfuate msimamizi wake Ihumwa nimweleze."

Kisha nyamaza. Mwache aseme.

Nimeiweka Kibaigwa makusudi, usiiruke. Mwaka 1994 watafiti Hollyn Johnson na Colleen Seifert walichapisha majaribio ambayo wengi katika kazi yetu ya ushauri tunayajua. Watu walisoma taarifa za moto uliounguza ghala. Mwanzoni waliambiwa kulikuwa na makopo ya rangi na mitungi ya gesi kwenye stoo fulani. Baadaye wakaambiwa hapana, stoo ile ilikuwa tupu. Walikumbuka vizuri kwamba taarifa imesahihishwa. Hata hivyo walipoulizwa kwa nini moshi ulikuwa mzito au moto mkali, waliendelea kujibu kwa kutumia rangi na gesi ambazo hazikuwepo. Usahihisho ulishika vizuri zaidi pale walipopewa chanzo kingine cha moto kinachoeleweka. Ukimwondolea mtu maelezo bila kumpa mengine panabaki pengo, na akili hurudi kulijaza kwa kile cha zamani.

Kwako pengo ni viatu, simu na wiki uliyopotea. Ukisema tu, "Ile ilikuwa fiksi," atabaki anajiuliza: hela ilitoka wapi? Ananificha nini? Labda kazi ipo, hataki tu kumsaidia mdogo wangu. Naam, watu hufika huko, na hapo ndipo kukiri kwa haraka kunapozaa uhasama mkubwa kuliko uongo wenyewe. Mpe Kibaigwa nzima. Mwambie mliuza magunia mangapi, mlilala wapi, mama alikupa kiasi gani. Nadhani uliificha kwa sababu ilionekana haina ladha mbele ya kijiwe, mtu kuwa nyuma ya mizani na mama yake kwenye vumbi la soko la mahindi. Kwangu mimi hiyo ni habari ya heshima, na rafiki wa kweli ataisikiliza kwa makini kuliko ya treni.

Yapo maneno mawili nakuomba usiyatamke. La kwanza ni "nilikuwa natania tu." Hilo "tu" linamwambia kwamba maumivu yake ni madogo na kwamba tatizo ni yeye kutojua utani. La pili ni "samahani kama nimekukwaza." Unajua umemkwaza, hakuna "kama". Mwaka 2016 Roy Lewicki na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu sehemu sita za kuomba radhi, wakawauliza watu ipi ina uzito. Iliyoongoza ni kukubali kwamba kosa ni langu. Ikafuata kutoa njia ya kurekebisha. Kuomba usamehewe ndiko kulikokuwa na uzito mdogo kuliko vyote. Sisi tumezoea kuanzia huko: nisamehe, nisamehe, yaishe. Anza na kosa, kisha urekebishaji, na msamaha uje kwa wakati wake yeye.

Urekebishaji wenyewe ni kazi ya miguu. Nenda kwa yule kijana, umwambie kama ulivyomwambia kaka yake. Yeye ni mdogo wako pia, lakini usimwongeleshe kama mtoto, ndiye aliyepoteza. Halafu nenda naye Ihumwa, ukaonane na msimamizi au fundi mkuu aliyekuwa anamchukua. Umweleze kwamba kijana aliacha kwa kudanganywa na wewe. Msimamizi akisikia kijana aliondoka kwa uvivu atamkataa. Akisikia kisa kilivyo, anaweza kumrudisha au kumwelekeza saiti nyingine. Kama siku kadhaa zimeshapotea na una uwezo, mfidie japo sehemu ya ujira. Ongea na kaka yake juu ya hilo kwa staha, wasione unawanunua. Hata wakikataa, kule kutoa kuna maana yake.

Usimwahidi mchongo mwingine. Nakusisitizia sana, kwa kuwa najua jinsi aibu inavyosukuma ulimi. Utajikuta unataka kusema, "Lakini kuna jamaa yangu yuko mahali fulani, nitaongea naye." Usiseme. Kama kijana anatafuta kazi, msaidie kwa mambo yaliyopo: nafasi za utumishi wa umma hutangazwa kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kwa aliyejifunza ujenzi kwa kushika kazi, VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi alionao. Ukitaka kukaa naye jioni moja mjaze taarifa zake kwa simu yako mpya, hilo ni la kweli na unaliweza.

Huyo ndiye mkubwa. Wengine ni wepesi zaidi, lakini usiwarukie.

Aliyewasimulia wakwe zake mwite pembeni kabla ya Jumamosi. Ukweni mtu hulinda sana neno lake, na yeye hakujua kama anapeleka uongo. Mwambie kilichotokea, umwachie aamue mwenyewe atakavyowasahihisha wazee wake kule Singida. Akitaka uongee nao kwa simu, ongea, uwape shikamoo zao na useme kosa ni lako. Usimlazimishe, na usiwapigie kwa kumruka.

Sauti iliyorekodiwa ni ya kushughulikia siku hiyo hiyo utakayotoka kwa fundi. Maneno yanayorudiwa hupata nguvu ya ukweli kwa kurudiwa tu. Lynn Hasher na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1977, watu walipoona kauli walizozisikia zaidi ya mara moja zina ukweli zaidi kuliko mpya, hata kama hazikuwa za kweli. Leo iko kwenye grupu lenu, kesho mtu ataisambaza bila kujua ilitoka kwenye mchezo, na inataja ajira kwenye shirika la umma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha umma. Sisemi umelifanya kosa hilo. Ulikuwa unasimulia kahawani na hata hukuitupia wewe. Nasema usiiache itembee. Mwombe aliyeiweka aifute, halafu andika wewe palepale, kwa mistari michache, kwamba kazi hiyo haipo na usahihisho umetoka kwako. Usimtaje fundi wala mdogo wake humo.

Ukifika Jumamosi, basi, utakuwa na machache ya kusema. "Jamani, ile ya mchongoko niliipika. Nilikuwa Kibaigwa na mama." Watacheka, na ni haki yao. Mtu akiuliza nani aliamini, wewe ndiye mwenye kazi ya kulizima swali hilo; jibu kwamba uliisimulia vizuri mno na uliapa, mwenye makosa ni mwongo. Kama fundi hayupo siku hiyo, usimsemee. Kama yupo, utakuwa umeshamuuliza mapema kama angependa uliongelee au uliache, nawe ufuate alivyotaka.

Kuna jambo halikuandikwa kwenye barua yako lakini nimelisoma katikati ya mistari: unaogopa kwamba ukikiri hili utakuwa umepoteza nafasi yako ya mpiga fiksi, na kijiwe kitapoa. Kambare mwache alipo. Usiende kuwakiri visa vyote ulivyowahi kusimulia, kimoja baada ya kingine. Hapo utawaharibia kumbukumbu nzuri bila kumfaidisha mtu. Endelea kusimulia. Mji unaokua haraka kama huu, uliojaa watu waliohamishwa kutoka kila mkoa, unahitaji sana watu wa kuwakalisha wengine pamoja jioni. Ila chagua. Ajira usiiguse, wala ugonjwa, wala kifo, wala fedha za mtu, wala viwanja. Viwanja hasa, kwa hapa kwetu. Mtu anaweza kuweka akiba yake yote Nala au Iyumbu kwa neno alilolisikia kahawani. Usimsimulie asiyekuwepo kujitetea. Na ikitokea mtu ameacha kucheka, akainama mbele na kuanza kuuliza maswali ya kweli, ni lini, ni wapi, aonane na nani, jua ameshatoka kwenye hadithi. Mwambie hapohapo. Kicheko kitakatika kidogo, wewe utaanzisha kingine.

Sikuoni kama mtu mwenye ugonjwa wa kudanganya, maana nadhani hilo nalo limekupitia akilini. Uongo unaohitaji msaada wa mshauri una sura nyingine: mtu anadanganya hata pasipo na wa kumfurahisha, anadanganya kujificha, anaumia nao na bado hawezi kuacha. Ukijiona umefika huko, tafuta mshauri muonane ana kwa ana, usiishie kwenye barua.

Kuhusu fundi sitakuahidi kwamba atacheka. Anaweza kuchukua bahasha akaondoka bila neno, asionekane kijiweni wiki mbili. Usimtumie jumbe za kumbembeleza kila siku, wala usiwatumie wenzako wakamshawishi. Timiza la mdogo wake, maana hilo halitegemei kama amekusamehe. Zikipita wiki kadhaa bado kimya, hapo ndipo umwombe yule mzee wa kijiwe mnayemheshimu nyote akuongoze kwake, na uende umekaa tayari kusikiliza zaidi ya kusema.